Naomba ushauri: kukata ngozi ya kope na kujaza mafuta usoni kwa mpigo mmoja

Wapendwa habari zenu, naombeni ushauri jamani. Nina miaka 54, kope za juu zimelegea mpaka wanja unagandia kwenye mkunjo na chini ya macho pamebonyea, kila mtu ananiuliza jana hukulala? Krimu nimepaka weee hamna kitu. Daktari anataka apunguze ngozi ya kope na hapohapo achukue mafuta tumboni anidunge chini ya macho na mashavuni, maana kukata peke yake hakujazi palipobonyea, ila kaniambia sehemu ya mafuta hunywewa na mwili. Kinachonitisha macho yangu makavu, natumia matone kila siku. Mliofanya vyote siku moja, mafuta yalikaa sawa au yaliacha vinundu? Na mwenye macho makavu kama mimi, yalizidi?