Mtaro wa sentimita 90 unamwaga kwenye karavati la sentimita 60: nani aliupitisha mchoro huu?

Assalaam alaykum waungwana.

Mji siutaji, wenyewe wanaujua. Ni mji mdogo wa Pemba, umekaa juu ya mgongo wa kilima kama miji yetu mingi: soko juu, skuli kwenye mteremko, bonde la mpunga chini. Mtaro mpya wa maji ya mvua umeshakabidhiwa, utepe umekatwa na picha zimepigwa. Ikaja mvua ya saa moja tu. Sokoni maji yakapita juu ya mifuniko na kuingia madukani, huku ndani ya mtaro kukiwa kukavu. Mita 200 chini yake, penye karavati (bomba la kupitishia maji chini ya barabara), mtaro huohuo umejaa mpaka unatapika. Baraza letu la mji linasema mvua ilikuwa kubwa. Jamani, huu ni Pemba! Mvua kubwa ndiyo iliyofanya mtaro ujengwe.

Naanza na karavati, kwa sababu hapo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuwashtaki. Mtaro una upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 90. Zidisha: mita ya mraba 0.81. Unafika barabarani, unaingizwa kwenye bomba moja la zege la kipenyo cha sentimita 60, na nafasi ya bomba hilo ni mita ya mraba 0.28. Yaani theluthi moja. Theluthi mbili za maji ziende wapi? Zinakwenda kwenye nyumba mbili za kushoto, ndiko zilikokwenda.

Na hapo ni bomba likiwa safi. Mchanga ukishalala sentimita 20 chini, chupa za maji zikabana juu, hiyo theluthi nayo huioni. (Mifuko ya plastiki Zanzibar tuliipiga marufuku tangu 2006, Bara wakafuata 2019, lakini chupa hazijakatazwa, na chupa tupu huelea moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa bomba.) Kuna anayesema waongeze bomba jengine. Mawili ya sentimita 60 ni 0.57, bado hayafiki. Matatu yanafika kwa hesabu tu, maana mabomba madogo matatu yana kuta nyingi za kuyakwaza maji na midomo mitatu ya kuziba. Kinachotakiwa pale ni karavati la sanduku, zege la nondo, mita moja kwa mita moja, mtu aweze kuingia na koleo akalisafisha.

Mtaro kwa kawaida hujengwa kuanzia mdomoni, kule chini maji yanakotokea, ndiyo unapandishwa juu. Ukishajua maji yanatoka kwenye kimo gani na kwenye nafasi gani, kila mita ya juu inalifuata hilo. Huu wameanzia sokoni, panapoonekana na wakubwa, wakashuka mpaka wakakuta karavati la zamani, wakaliunganisha hivyo hivyo. Karavati lile lilitiwa wakati juu kuna minazi na mikarafuu na ardhi inakunywa maji. Leo ni mabati na saruji. Paa moja la mita 10 kwa 12, ikinyesha milimita 50, linatoa lita 6,000; ni madumu 300 ya lita 20 kutoka nyumba moja, na hazinyonywi na chochote.

Haya, mifuniko. Njooni na futi muipime. Kila mmoja una urefu wa mita 1.1, upana sentimita 60 na unene sentimita 12. Zege huwa na uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mfuniko mmoja unakaribia kilo 190. Hauna hata ndoano moja ya kuunyanyulia! Wamekwenda mbele zaidi wakaziba nafasi kati ya mfuniko na mfuniko kwa saruji, wakapiga lipu juu, ikatoka safi kama baraza ya nyumba. Hakuna tundu la kuingizia maji ya barabarani. Ndiyo maana sokoni ndani mkavu na juu mto.

Mfuniko unaofaa kwa mtaro ule ungekuwa na upana wa sentimita 40 na unene wa 10, wenye ndoano mbili za nondo ya milimita 12 zilizolazwa ndani ya kishimo zisikwaze watu. Huo ni kama kilo 105, watu wanne na mti mmoja wanaunyanyua. Kati ya kila mifuniko kadhaa inatiwa wavu wa chuma, na ukingoni mwa barabara zinaachwa nafasi maji yaingie. Sisi tumepewa kaburi. Mtaro usiofunguka hausafishiki, na usiosafishika unakufa masika mawili.

Mteremko. Kanuni ya mafundi wengi ni usipungue 1 kwa 200, yaani kila mita 30 sakafu ishuke sentimita 15. Hapa Pemba mteremko hatuuombi, Mungu katupa, lakini kipande cha mbele ya skuli wameweza kukiharibu. Kupima si kazi ya mhandisi peke yake. Chukua mpira mweupe unaoonyesha maji, urefu mita 35, ujaze maji, toa mapovu yote (povu moja linakudanganya sentimita kadhaa). Mmoja ashike ncha ya juu, mwengine ya chini, msubiri maji yatulie, kisha kila mtu apime kutoka usawa wa maji mpaka sakafu ya mtaro. Juu ikiwa sentimita 100, chini kwenye mita 30 lazima isome 115. Mbele ya skuli inasoma 97. Sakafu IMEPANDA sentimita tatu. Maji yanasimama pale, mchanga unatua, na sasa kuna mbu.

Kuta za mawe upande wa mlima hazina matundu ya kupumulia. Yanatakiwa mabomba ya plastiki ya milimita 50, moja kila mita moja na nusu au mbili, na kokoto nyuma yake udongo usitoke. Bila hayo ukuta unabeba udongo na maji pamoja. Umeshaanza kutumbuka kwenye mita ya 140.

Na kule mwisho, bondeni, ndiyo hasara kubwa. Mtaro umekatika ghafla, maji yanaanguka zaidi ya mita moja kwenye udongo mtupu. Hakuna ngazi za kuyapunguzia kasi, hakuna bwawa dogo la kutulizia mchanga, hata kapu moja la waya lenye mawe. Shimo limechimbika, na kinachochimbika kinalala kwenye majaruba. Mpunga ukifunikwa na mchanga huo msimu umeondoka, na jaruba lenyewe halirudi mpaka mtu auchote kwa koleo. Wakulima wa bonde hawakuitwa kwenye kikao hata kimoja, kwa sababu bonde limehesabiwa shehia nyengine. Maji hayaijui mipaka ya shehia!

Sasa taarifa. Bango la mradi lilisimamishwa wiki ya mwisho, halina gharama, halina tarehe ya kumaliza, lina jina la mradi na nembo. Mchoro haujabandikwa popote, si ofisi ya sheha wala ukumbi wa baraza. Tangazo la kikao cha wananchi lilibandikwa Ijumaa mchana, kikao Jumamosi asubuhi. Hiyo si kutangaza, ni kukamilisha faili. Na msituletee "tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016", ile ni ya Tanzania Bara. Kwetu shikeni Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, kinachozungumzia haki ya raia kupewa taarifa, na Sheria Na. 7 ya 2014 ya serikali za mitaa. Diwani anazijua zote mbili. Sheha msimlaumu kupita kiasi: anateuliwa, hachaguliwi, na mchoro hata yeye hakuonyeshwa.

Kwa nini nafungua uzi sasa na si mwakani? Kwa sababu ya pesa. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha matazamio baada ya kazi kukabidhiwa, mara nyingi mwaka mmoja, na mwenye mradi huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 mpaka 10, mpaka kasoro zirekebishwe. Kipindi kikimalizika kimya kimya, pesa inatoka na kasoro inakuwa yetu. Kwa hiyo iandikwe barua kwa mkurugenzi wa baraza, nakala kwa mkuu wa wilaya, ikitaja kila kasoro kwa namba ya mita kuanzia sokoni: mita 0 mpaka 90 mifuniko imezibwa, mita 110 mpaka 140 sakafu imepanda, mita 140 ukuta umetumbuka, mita 200 karavati dogo. Pichani iwemo futi, picha bila kipimo hukanushwa. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hamjapeleka kitu.

NYONGEZA: Mwenzetu hapo chini anasema karavati si la baraza, ni la watu wa barabara. Kweli, na ndiyo hila yenyewe. Baraza linasema "sisi mtaro tu", wa barabara wanasema "hatukuombwa". Basi barua ziwe mbili, siku moja, kila moja ikitaja ya pili, na swali liwe moja: nani aliridhia kwa saini mtaro wa 0.81 uungwe kwenye bomba la 0.28?

NYONGEZA 2: Anayeuliza kama mifuniko inaweza kukatwa badala ya kutupwa: inaweza. Saruji ya kati inatobolewa kwa patasi, na kila mfuniko wa tano unatolewa na kutiwa wavu wa chuma. Kazi ya mafundi wanne kwa siku chache, ianze kabla ya Machi. Mpira wa kupimia upo, anayetaka kupima kipande cha mbele ya nyumba yake aseme hapa.