Kushuka Naiyobi hadi Ngare Sero kwa miguu: nibebe maji kiasi gani?

Mtembezi_Kaskazini
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tisa nataka kurudia safari ya miguu ya kreta ya Empakaai hadi Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kule juu hakunitishi, kuna baridi na nyasi. Kinachonitisha ni ile siku ya kushuka kutoka kijiji cha Naiyobi, upite chini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai hadi kijiji cha Ngare Sero, karibu na ziwa.

Mwaka jana ilinishinda. Tulianza saa tatu asubuhi, nina lita 3, mwongozaji akasema mbele kuna kijito. Tulipofika tukakuta mchanga mtupu. Saa nane mchana nilikuwa nimekaa chini ya mgunga ambao kivuli chake hakikutosha hata kichwa, ulimi umenata kwenye kaakaa, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi kwa kugonga ncha ya kiatu.

Safari hii nakwenda na mdogo wangu wa kike, ana miaka 19. Sitaki ayapitie yale. Lita ngapi zinatosha?

Mgumu_Mstaafu
Pole sana mkuu. Kabla ya lita, shida ilikuwa hiyo saa tatu. Saa kumi na moja alfajiri muwe njiani, saa tano mko kivulini, mlale mpaka saa kumi jioni ndipo mwendelee. Bondeni ni kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, joto linapita nyuzi 40, na yale majivu ya mlima yanakurudishia jua usoni.

Mimi nisingeshuka na chini ya lita 6 kwa kila mtu. Msibebe mgongoni. Kodisheni punda Naiyobi, awabebee madumu. Kucha zikate fupi, na kwenye mteremko kaza kamba za kiatu kifundoni ili mguu usiteleze mbele.

Nesi_wa_Zamu
Maji matupu hayatoshi, jasho linaondoka na chumvi. Beba ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pakiti moja kwa lita moja. Mdogo wako akianza kuongea ovyo au kuyumba, msitembee tena: kivulini, mlowesheni mwili, mpepeeni, mtafute msaada.

Olaiyo_Natron
Karibuni kwetu. Ziwa mtaliona linang'aa mkadhani mmefika. Bado sana, na maji yake ni magadi, hayanyweki. Maji baridi ni ya mto Ngare Sero, huko mwisho, nayo chemsheni.

Njiani ulizeni wachungaji swali moja: ng'ombe wamekunywa wapi leo? Msiulize kama mbele kuna maji, kwa sababu mtu atakujibu kwa alivyopaona mwezi uliopita. Na msiingie korongoni kutafuta kivuli, kuta zile ni majivu, zinabomoka.

Mtembezi_Kaskazini
Nashukuru sana, ndugu zangu. Mdogo wangu amesoma yote, anauliza punda ni shilingi ngapi.

Olaiyo_Natron
Mtapatana na mwenyewe hapo hapo Naiyobi. Ila kwenye hesabu ya maji mtieni na yeye, anatembea jua lile lile.