Kutoa miksi ya kusikiliza bila kulipa salio ni wizi, na wenzetu wa studio wanasaidia

Wadau wa muziki wa Pwani, leo sina salamu ndefu. Nimechoka.

Nina studio hapa Malindi na sichagui mteja. Leo kaswida, kesho taarabu, keshokutwa kwaya ya kanisa, usiku vijana wa kufoka. Utaratibu ni mmoja kwa wote: unatoa arubuni ya nusu, tunarekodi, nakutumia miksi ya kusikiliza kwa WhatsApp useme pa kurekebisha, unalipa salio, unachukua kazi yako kamili. Sasa watu wanaishia hapo kwenye WhatsApp.

Kuna kijana alikuja na wimbo wa harusi. Wimbo mzuri, na sauti anayo, hilo silikatai. Akataka kayamba la kweli, si la kompyuta. Waliowahi kulirekodi wanajua lilivyo gumu: mbegu zinachachatika juu kabisa, pale pale panapokaa "s" na "sh" za mwimbaji, na maiki ikisogea karibu maneno yote yanamezwa. Nikawaita kina mama wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, kutoka Ganda, nikawarekodi peke yao, maiki nimeirudisha nyuma na kuilaza pembeni. Feni imezimwa, madirisha yamefungwa, na joto la kaskazi mnalijua. Ikisomwa adhana tunasimama, ikiisha tunaanza upya. Kina mama wale niliwalipa siku hiyo hiyo kutoka mfukoni mwangu, maana nauli haikopwi.

Nikamtumia miksi. MP3 ya kilobiti 128, yaani ya ubora wa chini, besi haijakaa, waitikiaji bado wako juu ya mwimbaji. Nikamwandikia wazi kwamba hii ni ya kusikiliza tu. Kimya. Simu haipokelewi. Ijumaa nausikia wimbo ule ule kwenye tuktuk pale sokoni! YouTube nako umeshawekwa, na jina la studio yangu liko chini yake. Mteja mpya akiusikia atasema huyu hajui kazi, na atakuwa na haki, kwa sababu kazi haikuwa imeisha.

Nilipompata akanijibu, "Kaka, si nilishakulipa? Biti yenyewe ni ya kubonyeza tu." Kina mama wa Ganda walibonyezwa wapi?

Lakini linalonichoma zaidi ni jingine. Mle ndani kuna ubeti wa mgeni ambao haukurekodiwa kwangu. Yaani prodyuza mwenzangu, hapa hapa mjini, alipokea MP3 ya mtu, akabandika sauti juu yake, akapiga masta, ule usawazishaji wa mwisho wa sauti, akala pesa. Huyo si mtoto. Akiletewa wimbo mzima umebanwa kwenye faili moja, bila kipande hata kimoja cha ngoma wala sauti peke yake, anajua fika kwamba vipande viko kwa mwenyewe na mwenyewe hajalipwa. Hakuuliza hata kwa ujumbe mmoja.

Na msiniambie niende kushtaki tu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua aliyefanya mipango ya kurekodi kuwa ndiye mtunzi wa rekodi, na bila karatasi iliyotiwa sahihi kila mmoja atasimama aseme mipango ilikuwa yake. Kwa hiyo kuanzia sasa kwangu ni mkataba kwanza, hata ukiwa shemeji yangu. Miksi utaisikilizia studio. Ukiwa Lamu au Mombasa utatumiwa nusu dakika yenye sauti yangu juu yake, ukikasirika basi. Kwaya na wazee wa taarabu hawajawahi kunilalamikia kulipa, wanamaliza salio kabla hata sijadai.

Maprodyuza wa Malindi, Watamu, Kilifi: mkiletewa MP3 yenye kazi ya mwenzenu, pigeni simu kabla ya kuwasha maiki. Na wewe uliyeongeza ubeti ule, unajijua, na studio yako naijua ilipo. Nitafute wiki hii tuzungumze salio, au utapokea barua ya wakili.