Mrejesho: kusaka mafaili yenye mashimo

Niliuliza inakuwaje `ls -l` ioneshe faili la GB 50 kwenye diski ya GB 40, na jinsi ya kuyapata mengine ya aina hiyo. Ahsanteni. Kumbe ni faili lenye mashimo (sparse): sehemu za sufuri tupu zinazohesabiwa kwenye ukubwa wake bila kuchukua nafasi kwenye diski. Kwenye Linux amri iliyomaliza kazi ni hii:

`find / -xdev -type f -size +1M -printf '%S %s %p\n' | awk '$1 < 0.9'`

`%S` ni nafasi iliyotengwa kweli kwenye diski ukigawanya kwa ukubwa unaotajwa. Ikiwa chini ya 1, kuna mashimo. Msiache `-xdev` (huizuia `find` isiingie mifumo mingine ya mafaili), la sivyo mtaletewa `/proc/kcore`, faili la kubuniwa na kernel, yenye "terabaiti 128" za hewa. Kuhakikisha faili moja, linganisha `du -h` (nafasi iliyotumika kweli) na `du -h --apparent-size` (ukubwa unaotajwa).

Tahadhari: mfumo wa mafaili wa ZFS ukiwa unabana data, uwiano hushuka hata pasipo shimo lolote, kwa hiyo hapo msiuamini. Kwenye macOS `find` haina `-printf`. Tumieni `ls -ls`, zidisha safu ya kwanza kwa 512.

Wakati wa kunakili, `rsync` na `tar` zote zinahitaji `-S` ili kuhifadhi mashimo. Bila hiyo `rsync` huandika sufuri halisi na diski ya upande wa pili hujaa.