Kupaka rangi nyumba ya mama, Katuba: kijivu kinafaa?

Kutoka Lyon, Jumapili usiku

Wazazi, ndugu na dada, salamu kwenu wote.

Nyumba ya mama pale Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, tuliibadilishia bati mwaka jana. Mwaka huu wadogo zangu wamemaliza kupiga lipu kuta za nje, sasa tumefika kwenye rangi na hapo ndipo tumekwama. Mimi ndiye ninayetuma pesa, kwa hiyo lupango nzima (ua wote na walio ndani yake) inaningoja mimi niseme.

Nilipita kwenye duka la rangi hapa mtaani nikachukua zile kadi zao za bure. Nimependa kijivu kilichofifia, madirisha meupe, mlango mweusi. Nyumba nyingi mpya hapa ziko hivyo na zinapendeza. Nilimtumia mama picha kwa WhatsApp, akajibu "sawa mwanangu", basi. Nyote mnaijua "sawa mwanangu" ya mama zetu ina maana gani.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kijivu kinafaa? Fundi ameomba ndoo tano za lita 20 kwa nje peke yake, nyumba ni mita 10 kwa 8, ni haki? Na nitajuaje kwamba rangi niliyoiona Lyon ndiyo itakayofika ukutani Katuba?

Kutoka Liège, Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu wa Lyon, usipake kijivu. Nimetanguliza jibu ili ulale vizuri, sababu zinafuata, na ni ndefu kwa sababu ziliniuma mfukoni.

Miaka mitatu iliyopita nilifanya hivyo hivyo kwa nyumba ya marehemu baba, komini ya Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi), karibu na soko. Kijivu cha kisasa, nimekichagua mwenyewe Novemba huku nje kunanyesha na taa za duka zinawaka saa tisa mchana. Kikapakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, safi kabisa, fundi akanipigia video nami nikampongeza. Wiki iliyofuata mama mmoja anayeuza makala (makaa) mbele ya mlango wetu akamuuliza shangazi: "Sasa rangi mutaanza kupaka siku gani?"

Kwetu kijivu ni rangi ya simenti. Ni rangi ya nyumba ambayo pesa yake imeishia kwenye lipu. Hapa Ubelgiji mtu akiona ukuta wa kijivu anasema huyu ana mbunifu; pale mtaani wanasema watoto wake wa Ulaya wamemchoka. Shangazi alivumilia miezi minane akijibu swali lile lile kwa kila mgeni, mwisho akaniambia wazi kwamba anaona aibu kukaa kwenye barza. Tukapaka upya. Pesa mara mbili.

Halafu kuna jua. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba, mchana, jua linasimama juu ya utosi. Rangi iliyofifia inapaushwa, haionekani tena kama rangi. Na mwanga unaopiga ukuta hautoki juu tu, unatoka pia kwenye udongo, na udongo wetu ni mwekundu. Ukuta mweupe pale una wekundu kidogo mchana kutwa, kama shavu la mtoto mwenye homa. Kijivu chenye ubluu ndani yake kikipigwa na mwanga ule kinageuka kuwa kama mchanga mchafu. Chagua rangi zenye joto ndani yake: maziwa, pembe ya ndovu, mchanga wa njano. Hizo zinaelewana na ardhi.

Jambo jingine tunalosahau tukikaa huku: kiangazi chetu, Juni na Julai, jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini ndio unaochomwa. Mimi nilimwambia fundi awe mwangalifu na ukuta wa kusini, kama mtu wa Liège, akacheka.

Sasa sikiliza hili, kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Usianze na rangi ya ukuta. Anza na chini. Mvua ya Januari inaposhuka kwenye bati bila mfereji inapiga udongo, udongo unaruka, na kila nyumba inavaa soksi nyekundu. Safari ya pili nilikuwa nimepata akili. Nilimtuma mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na mmoja, akachukua rula ya shule, akaisimamisha ukutani mara mbili kwa sababu rula ni fupi, akaweka alama kwa makala mahali doa linapoishia, akanipigia picha. Upande wa barabara sentimita 48. Nyuma, kwenye bomba la mayi (maji) ambapo wanaosha vyombo, 57. Basi tukapaka mkanda wa chini mpaka sentimita 70, kuzunguka nyumba yote, kwa nyekundu ya oksidi. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu ndani yake, na ile nyekundu ya oksidi inatokana na kutu hiyo hiyo ya chuma. Doa likiruka linaangukia kwa ndugu yake. Tena rangi za oksidi hazichujuki kwa jua upesi kama nyekundu kali za madukani, zile zinazong'aa mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu zimekuwa waridi.

Kuhusu rangi ya Lyon kufika Katuba: picha ya simu sahau. Kamera inajirekebishia weupe wenyewe, na kioo cha simu ya mama si kama chako. Tumia namba. Kuna orodha ya Kijerumani inayoitwa RAL, ilianza 1927, kila rangi ina tarakimu nne na haibadiliki. Pembe niliyopaka mimi ni RAL 1015, mkanda wa chini RAL 3009. Duka lenye mashine ya kuchanganya likipewa namba linajaribu kuifikia. Lisilo na mashine, mtume mtu na kadi yenyewe mkononi. Mimi nilituma kadi kwa dada aliyekuwa anasafiri, ndani ya Biblia ili zisikunjwe.

Na kabla ya kununua ndoo, nunua kopo dogo. Apake mraba wa mita moja kwa mita moja, mikono miwili, upande wa jua na upande wa kivuli. Akupigie picha saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na moja, na kila picha awe ameshika karatasi nyeupe ya daftari kando ya rangi. Ukiiona karatasi imekuwa ya bluu, ujue simu inakudanganya, na rangi nayo imedanganywa kiasi hicho hicho.

Ndoo tano? Tupige hesabu. Mita 10 kwa 8, mzunguko ni mita 36. Urefu wa ukuta tuseme 2.8, inakuwa kama mita za mraba 100. Toa milango na madirisha, baki 85. Lipu yenye mikwaruzo inakunywa, lita moja inafunika karibu mita 8. Mikono miwili ni mita 170, kama lita 21 au 22 kwa jumla. Yaani ndoo moja ya lita 20 kwa juu na kopo la lita 5 au zaidi kidogo la mkanda wa chini. Hata ukimwachia ndoo nzima ya kumwagika na makosa, tano hazifiki. Usimtukane. Muulize tu kwa upole anapaka nyumba ngapi.

Kutoka Johannesburg, Jumatatu mchana

Dada wa Liège amesema vizuri lakini amesahau chokaa. Nyumba ya babu yangu Kamalondo, hapo hapo Lubumbashi, imepakwa chokaa tangu nikiwa mtoto, kila mwaka kabla ya Noeli, na sisi wajukuu ndio tuliokuwa tunapaka. Bei yake ni ndogo, ukuta unapumua, unyevu unatoka. Mnahangaika na namba za Wajerumani kwa nini?

Kutoka Liège

Kaka, sikusahau. Chokaa nzuri mnapokuwa na wajukuu wa kupaka kila Desemba. Wajukuu wenyewe sasa wako Johannesburg. Na waliobaki wanaegemea ukuta wa barza halafu wanaenda shuleni migongo myeupe.

Ila umenikumbusha jambo la kumwambia ndugu wa Lyon: kama ukuta wa zamani una chokaa, rangi ya maji isipakwe juu yake hivi hivi. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, chokaa ikwanguliwe kwanza, la sivyo rangi itashika chokaa na chokaa haitashika ukuta.

Kutoka Kitwe, Jumatatu jioni

Mimi ni mtoto wa fundi rangi, kwa hiyo nisamehewe ufupi. Lipu imekauka tangu lini? Lipu mpya ya simenti iachwe wiki nne. Simenti mbichi ina ukali ndani yake unaogeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni, inanata, halafu inabanduka kama ganda la yai. Baba alikuwa anakataa kazi kwa sababu hiyo, na mteja anaenda kwa mwingine, na mwezi wa tatu anarudi kwa baba.

Kwa ukuta tumieni rangi ya maji ya nje. Ya mafuta iwe ya milango na vyuma vya madirisha.

Wakati: Mei mpaka Julai. Mvua zimekwisha, na vumbi la Agosti halijaanza kupanda. Lakini Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kweli, rangi ya maji haipendi chini ya nyuzi 10, fundi asianze saa kumi na mbili kwa bidii za uongo. Saa tatu inatosha, akifuata kivuli, asipake ukuta unaowaka jua.

Ndoo zinazopita mpaka wa Kasumbalesa, kutoka huku Zambia, zikaguliwe tarehe. Fungua, koroga mpaka chini kwa mti. Ukikuta chini pamekuwa jiwe, rudisha hapo hapo dukani, usikubali kuongezewa maji.

Kutoka Brussels, Jumanne

Naongeza moja, maana nafanya kazi na watoto hospitalini. Nyumba nyingi za Katuba zilijengwa miaka ya 1950. Milango na fremu za wakati ule zilipakwa rangi za mafuta, na rangi za mafuta za zamani mara nyingi zina risasi, ile metali yenye sumu. Fundi akisugua kwa msasa mkavu, lile vumbi linaanguka kwenye lupango mnamopikiwa bukari (ugali), na wadogo wanaotambaa ndio wanaolila. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Wasugue na maji, walowanishe kwanza, watandike turubai chini, watoto wawe kwa jirani siku hiyo. Wasichome rangi ya zamani kwa moto. Na mkinunua mpya ya mafuta tafuteni iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kipimo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni.

Kijivu hata mimi nakikataa, lakini hiyo si ya hospitali.

Kutoka Lyon, Jumamosi

Asanteni sana wote.

Lipu ina wiki mbili tu. Tunangoja. Mdogo wangu aliponiambia hivyo alionekana amefurahi, nadhani fundi alikuwa anamsukuma.

Fundi nimempigia nikamsomea hesabu ya dada wa Liège, mita kwa mita. Akanyamaza kidogo, akasema ndoo tano alihesabu pamoja na ndani, na ukuta wa ua, na "mambo ya mbele". Tumekubaliana ndoo moja, kopo moja, na ya akiba nitanunua mimi ikihitajika. Bado tunaheshimiana.

Doa la mvua kwa mama ni sentimita 61, nyuma ya jikoni. Mkanda utakuwa 75.

Mama nilimpigia, si kumwandikia. Nikamwuliza yeye anataka nini, nikanyamaza kabisa, na hilo dada zangu mnajua kwangu ni kazi. Akaanza na mengine: bei ya unga, mguu wake, jirani aliyekufa. Halafu akasema kuta fanyeni mnavyotaka, za pembe ni nzuri, lakini mlango mweusi hapana, mlango mweusi ni wa nyumba yenye msiba. Mlango ni wa kijani. Baba aliupaka kijani mwaka niliozaliwa mimi, na watu wanaoelekezwa kwetu mpaka leo wanaambiwa "pale kwa mlango wa kijani". Sikuwa najua. Nimeishi mle miaka 19.

Kwa hiyo sasa natafuta namba ya kijani kile. Dada wa Brussels usiogope, kipande kimebanduliwa kwa kisu mlango ukiwa umelowana, kiko ndani ya bahasha, ukubwa wa ukucha. Upande mmoja kimefifia kama jani la muhogo lililokauka, ila kwa nyuma, pale kilipokuwa kimeshikana na mbao, bado ni kijani cha kweli. Nadhani hicho cha nyuma ndicho cha kulinganisha.

Kuna mtu anarudi kutoka Lubumbashi kuja Ufaransa au Ubelgiji kabla ya mwisho wa mwezi? Bahasha haina uzito. Na anayekwenda Juni, kama ana nafasi kwenye mzigo, nina brashi mbili nzuri na kitabu cha kadi za rangi. Biblia ninayo.