Huyu wa "futa tu huo mstari" mwambieni aache!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo tena! Mtu kauliza kwa adabu kwa nini programu yake ya Vulkan (kiolesura cha kuchorea kwa kadi ya michoro) inaanguka ikiita vkCmdBeginRendering, amri ya kuanza kuchora, jamaa kamjibu: "Futa mstari wa kiendelezi, kimeshaingia kwenye kiini. Soma kwanza." Yaani kipengele kilichokuwa cha ziada (kiendelezi) sasa ni sehemu ya toleo rasmi (kiini).

SOMA KWANZA! Anasema hivyo mtu ambaye hata namba ya toleo hajauliza!

Kiendelezi chenyewe, VK_KHR_dynamic_rendering, kimeingia kwenye kiini katika Vulkan 1.3, mwaka 2022. Draiva ya 1.2 hailijui jina la amri lisilo na KHR, alama ya kiendelezi. vkGetDeviceProcAddr, inayokutafutia amri, inakurudishia NULL (hakuna kitu), ukiiita tu, programu chali. Hapo kiendelezi unakiwasha na unaita vkCmdBeginRenderingKHR. Yeye: "futa mstari"!

Na hata kwenye 1.3, apiVersion (toleo unaloomba) ndani ya VkApplicationInfo iwe 1.3, toleo la kifaa ulikague, kisha swichi ya dynamicRendering uiweke VK_TRUE unapounda kifaa. Kuingia kwenye kiini si kuwashwa! Halafu eti soma kwanza. Dunia nzima ikimsikiliza huyu, hakuna pembetatu itakayochorwa tena.

Mzee wa Pikseli: Povu lote hilo na shimo lenyewe umeliruka. Ukiweka VkPhysicalDeviceVulkan13Features na VkPhysicalDeviceDynamicRenderingFeatures pamoja kwenye pNext (mnyororo wa mipangilio ya ziada unapounda kifaa), ni kosa: zote mbili zina swichi ileile. Chagua moja.

Mwanzisha uzi: Atafika vipi kwenye pNext mtu aliyeambiwa AFUTE MSTARI?

kivuli_laini: Mkuu punguza jazba, utapasua kioo. Mbona hamsemi vipengele vya hiari? Descriptor indexing (kuchagua rasilimali kama picha kwa namba) iliingia kiini cha 1.2, lakini draiva ya 1.2 ina ruhusa ya kutoiunga mkono. bufferDeviceAddress (anwani ya kumbukumbu kwenye kadi) nayo hiari kwenye 1.2, lazima kwenye 1.3. Uliza vkGetPhysicalDeviceFeatures2, usibahatishe.

GL_Mkongwe: Nyie wa Vulkan mnadekezwa. Kwenye OpenGL, kiolesura cha zamani, uchujaji wa anisotropiki (wa kunoa picha za nyuso zilizoinama) ulikaa EXT, yaani kiendelezi, miaka kibao, kila kadi ya maana inao, ukaingia OpenGL 4.6 mwaka 2017! Sababu hataza. S3TC, mbinu ya kubana picha, haijaingia mpaka leo.

kivuli_laini: Hiyo afadhali. FBO (framebuffer, mahali pa kuchorea nje ya skrini) je? Kiendelezi cha EXT kinataka viambatisho vyote, yaani picha zinazochorewa, viwe na vipimo sawa, kile cha ARB hakitaki.

GL_Mkongwe: Na glBindFramebufferEXT inapokea namba uliyojitungia, glBindFramebuffer ya kiini inataka iliyotoka glGenFramebuffers. Nani alipitisha hii?