Bitiruti: ladha ya udongo, rangi kupotea, na mapishi mengine kuliko juisi

Jiko_la_Michenzani

Asalaam aleikum wapishi.

Bitiruti hazikosekani siku hizi kwenye masoko yetu ya Unguja, Darajani wala Mwanakwerekwe, lakini kwetu hazivuki juisi na saladi. Nataka ziingie kwenye chakula hasa: mchuzi wa kulia wali, vitafunio vya futari, kitu cha pembeni ya samaki. Yanayonishinda ni haya. Zikichemshwa zinabaki na ladha ya udongo. Nikizimenya na kuzikata kwanza, rangi yote inahamia kwenye maji. Kwenye mchuzi wa ukwaju nimezipika saa nzima na vipande bado vigumu. Na chapati niliyoikandia maji yake, pamoja na nusu kijiko cha bekingi soda, imetoka rangi ya matope.

Nina jiko la mkaa na la gesi, sina oveni. Na majani yake, yanapikwa au ni ya kutupa?

---

Kasimile

Waaleikum salaam bibie. Matatizo yako manne yana mizizi miwili tu: asidi imekosekana au imetiwa wakati usio wake, na bitiruti imekatwa kabla ya wakati.

Rangi ya bitiruti inaitwa betanini, nayo huyeyuka kwenye maji. Ikiwa ngozi ni nzima, inabaki ndani. Kila unapokata, unaifungulia mlango. Kwa hiyo za kuchemsha usizimenye. Kata majani ukiacha vikonyo vya sentimita 3 hivi, mkia wa chini uuache, osha taratibu kwa mkono bila kukwaruza ngozi, kisha zifunike maji. Yenye ukubwa wa chungwa dogo, kama gramu 150, inataka dakika 45 hadi 60 kwa moto wa wastani. Kwenye sufuria ya presha ni dakika 20 hadi 25. Chomeka ncha ya kisu: ikipita mpaka katikati bila kusukuma, imeiva. Itie kwenye maji baridi, uisugue kwa vidole, ngozi itavuka yenyewe.

Ladha ya udongo inatokana na kitu kinachoitwa jiosmini, ndicho hichohicho kinachonukia mvua ya kwanza ikianguka kwenye ardhi kavu. Kingi kiko kwenye ngozi. Asidi hukivunja, ndiyo maana bitiruti bila ndimu au siki haikamiliki. Uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa mkavu nao unasaidia sana, kwa sababu harufu yake inakaa mahali palepale pa ile ya udongo.

Sasa ule ugumu. Asidi inazuia mboga kulainika. Fikiria mbatata za urojo: tunazichemsha mbali, zikishaiva ndipo zinaingia kwenye rojo la ukwaju au embe. Ukizitia mbichi mle, zitakaa kama mawe. Bitiruti ni vivyo hivyo. Iivishe kwanza, ukwaju uje mwisho.

Na soda ndiyo iliyoiua chapati yako. Betanini inapenda uchachu kidogo. Ikikutana na soda au magadi inageuka manjano na kahawia, na hairudi sawasawa hata ukiongeza ndimu baadaye.

Unaponunua, chukua ndogo hadi za wastani, ngumu, zisizo na nyufa. Zile kubwa kama kichwa cha mtoto zina nyuzi katikati ambazo hazilainiki hata kwa presha.

---

Mvuje na Ndimu

Nakubaliana na Kasimile isipokuwa mahali pamoja: kwenye mchuzi wa nazi, menya na ukate mbichi. Rangi ikitoka inakwenda kwenye tui, na tui unalila, basi hujapoteza kitu. Wapishi wa Sri Lanka na wa Kerala, kusini mwa India, wana mapishi ya bitiruti kwa nazi ya aina hii, na viungo vyote unavikuta hapa hapa Darajani.

Kwa watu wanne:

Bitiruti nusu kilo, zimenywe, zikatwe vijiti unene wa kidole cha mwisho. Kitunguu maji kimoja, thomu punje 3, tangawizi mbichi kipande cha sentimita 2, pilipili mbichi 2 zilizopasuliwa, majani ya mvuje 8 hivi. Uzile nusu kijiko cha chai, giligilani iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, manjano robo kijiko, kijiti cha mdalasini. Nazi moja: kamua kasimile (tui la kwanza, zito) nusu kikombe uiweke mbali, kisha tui la pili kikombe kimoja na nusu.

Kaanga uzile katika mafuta vijiko 2 vya kulia mpaka unukie, hizo ni sekunde chache tu. Ukiwa mweusi umwage uanze tena, maana uchungu wake hautoki. Tia mvuje, kitunguu, thomu na tangawizi. Kitunguu kikilainika bila kuwa chekundu, tia giligilani, manjano na mdalasini, koroga nusu dakika, kisha bitiruti na chumvi. Zigeuze dakika 3 zipate mafuta. Mimina tui la pili, funika, moto wa wastani, dakika 20 hadi 25. Usitie tungule (nyanya). Tungule ina asidi yake, itakurudisha kwenye ule ugumu.

Vijiti vikikatika kwa kijiko, punguza moto, tia kasimile na pilipili, koroga upande mmoja kwa dakika 4 au 5 bila kuacha itokote kwa nguvu, vinginevyo tui litakatika uone mafuta juu na chengachenga chini. Zima. Hapo ndipo unakamua ndimu moja. Utaona mchuzi unabadilika mbele ya macho, kutoka zambarau iliyokolea kuja wekundu wa kung'aa. Onja tena chumvi baada ya ndimu, si kabla, kwa sababu utamu wa bitiruti unaificha.

Upakue kwenye bakuli peke yake, si juu ya wali, la sivyo sahani nzima inakuwa nyekundu na kila kitu kinafanana. Samaki wa kukaanga akae pembeni: changu au nguru anapendeza. Msimpike samaki ndani ya mchuzi huu. Nyama yake inaingia waridi na inaonekana haijaiva, hata ikiwa imeiva vizuri.

---

Wete_Jikoni

Majani msitupe jamani! Bitiruti na spinachi ni jamaa moja, na majani yake ni laini kuliko ya kisamvu kwa mbali. Tatizo letu visiwani ni kwamba bitiruti nyingi zinavuka bahari kutoka bara, kwenye nyanda za baridi kama Lushoto, kwa hiyo majani yanafika yamenyauka au yameshakatwa. Ukiyapata mabichi, yapike siku hiyo hiyo.

Tenganisha vikonyo na majani. Vikonyo vikatwe vidogo, vianze kwenye kitunguu na mafuta dakika 5. Majani yachemshe kando dakika 2, umwage maji, kamua, katakata, kisha changanya na umalizie kwa tui zito na pilipili kama mchicha wa nazi. Maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu majani haya yana oksaleti nyingi, inayokereketa meno na ulimi. Mwenye mawe ya figo asiyale kwa wingi, na bitiruti yenyewe aipunguze.

Kwa futari, jaribu katlesi. Mbatata gramu 600, bitiruti gramu 300, zote zichemshwe na ganda. Mbatata ziponde zikiwa moto. Bitiruti zikwaruze kwa chombo cha karoti, zitie kwenye kitambaa kisafi, kamua mpaka maji yaache kudondoka (hayo maji wekeni, nitayasema), kisha zikaushe kwenye karai bila mafuta dakika 5 huku ukigeuza. Hatua hii ndiyo roho ya katlesi. Bitiruti karibu asilimia 87 ni maji, na katlesi zinazofumuka kwenye mafuta karibu zote zimefumuka kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya yai.

Changanya na kotmiri fungu moja, pilipili manga nusu kijiko cha chai, uzile uliokaangwa na kusagwa kijiko kimoja cha chai, pilipili mbichi, chumvi, ndimu vijiko 2 vya chai. Ukiona donge linanata mikononi, ongeza chenga za mkate vijiko 2 vya kulia. Fanya madonge ya gramu 60 hivi, yatatoka kama 14. Yabonyeze yawe bapa, weka kwenye friji nusu saa, chovya kwenye yai, viringisha kwenye chenga za mkate, kaanga dakika 2 au 3 kila upande. Mafuta yawe tayari kiasi kwamba chenga moja ikidondoshwa inaelea ikitoa mapovu papo hapo. Yakiwa baridi katlesi zinayanywa, yakiwa moto mno zinaungua nje na ndani ni za baridi.

Yale maji yaliyokamuliwa: kandieni chapati au changanyeni kwenye juisi.

---

Mkaa Mwekundu

Kuchemsha ni sawa, lakini mwenye jiko la mkaa ana kitu bora zaidi ya oveni. Funga bitiruti moja moja, nzima na ngozi yake, katika karatasi ya foili tabaka mbili. Subiri mkaa uwe na jivu jeupe juu, usiwe na ndimi za moto. Zilaze juu ya mkaa, uzizungushie jivu la moto, ugeuze kila dakika 15. Ya gramu 150 inachukua saa moja hivi. Ukiziweka mapema, ganda la nje linaungua uchungu na katikati bado mbichi. Kwa kuchoma, maji yanapungua, sukari inabaki, na ladha ya udongo inapungua kuliko ya kuchemsha. Kwa saladi sioni sababu ya kuchemsha kabisa.

Zikipoa, menya, kata vipande vyembamba, changanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, embe mbichi iliyokwaruzwa, pilipili mbuzi na ndimu. Hiyo ndiyo ya kulia pweza wa kuchoma au mishikaki. Bitiruti itangulie kukaa na ndimu robo saa, vitu vingine vifuate wakati wa kula, ili embe isiwe nyekundu yote.

Na kwa wapenzi wa bajia na urojo: chatne ya nazi. Nazi iliyokunwa kikombe kimoja, bitiruti ya kuchoma gramu 80, pilipili mbichi 2, thomu punje moja, chumvi, ndimu moja, maji vijiko 3 au 4. Saga. Usizidishe bitiruti, ikizidi chatne inakuwa tamu na nazi haisikiki tena. Ilindwe kwenye friji na iliwe ndani ya siku mbili, nazi inachacha upesi.

Nyongeza kwa Kasimile kuhusu asidi: kule Ukraine wana borshi, supu ya bitiruti ambayo utamaduni wa kuipika uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2022. Wapishi wengi wa borshi hutia siki au nyanya wakati bitiruti zinakaangwa, makusudi, ili rangi isife. Lakini zimekatwa nyembamba kama njiti na zinapewa muda. Kwa vipande vinene vya mchuzi, kauli yako ndiyo.

---

Jiko_la_Michenzani

Nashukuruni sana. Nimeelewa sasa kwa nini ukwaju ulinigomea. Yamebaki mawili: kipimo cha chapati nyekundu, na namna ya kuziweka zisinyauke, maana kwa joto hili siku ya tatu zimeshakuwa laini kama mpira.

---

Kasimile

Chapati: unga wa ngano gramu 400 (vikombe 3 hivi), bitiruti iliyochemshwa gramu 150 isagwe laini na ndimu kijiko kimoja cha kulia, chumvi kijiko kimoja cha chai, samli vijiko 3. Maji ya uvuguvugu anza na mililita 80, ongeza kidogo kidogo, kwa sababu bitiruti tayari imeleta maji yake na donge hili hulegea ghafla. Soda usitie, wala bekingi pauda. Liache donge nusu saa, kunja kwa samli kama kawaida, choma kwa moto wa wastani. Mahali panapogusa chuma patakuwa na madoa ya kahawia na ni sawa, ndani inabaki nyekundu. Moto mkali au kuigeuza mara nyingi ndiko kunakoifanya ipauke. Kwa keki usijisumbue na wekundu: dakika 40 za moto zinaila rangi, heri utie kakao, bitiruti ikusaidie kwa unyevu tu.

Kuhifadhi: ukifika nyumbani tu, kata majani, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye kiazi. Usizioshe. Zifunge kwenye mfuko uziweke chini ya friji, zitakaa wiki mbili hadi tatu. Zilizochemshwa na kumenywa ni siku 4 hivi.

Zikizidi, fanya achari. Bitiruti zilizoiva nusu kilo, vipande, ndani ya chupa iliyochemshwa. Siki ya asilimia 5 kikombe kimoja, maji nusu kikombe, sukari vijiko 2 vya kulia, chumvi kijiko cha chai, karafuu 3, pilipili manga nzima 6. Chemsha hiyo siki na viungo, mimina ikiwa moto ifunike vipande vyote. Siku ya tatu inalika, na kwenye friji inakaa mwezi. Nje ya friji usiiweke.

---

Wete_Jikoni

La mwisho, kabla hujapiga simu kwa daktari: siku utakayokula bitiruti kwa wingi, mkojo na choo vinaweza kuingia wekundu. Si kwa kila mtu, na kwa kawaida huisha siku moja au mbili. Usipokula bitiruti ukauona wekundu huo, hapo nenda hospitali.

Rangi ikishika ubao na vidole: chumvi na ganda la ndimu, sugua kabla haijakauka.